Prova de Vida ya Jiwe la Bi Ancha

Itangazwe kwa wakaao nchi kavu na kwa wakaao majini kwamba Olumbi nayo imeendelea. Imefunguliwa ofisi, mlango umepakwa rangi, na juu ya mlango kumepigiliwa kibao: Dawati la Kutenganisha Aina za Matumbawe Magumu kwa Matumizi ya Bahari za Sebuleni. Utepe ulikatwa, hotuba zilisomwa, na mbuzi aliyeandaliwa kwa ajili ya wananchi aliliwa na wawakilishi wao.

Sababu ya kuanzishwa kwa Dawati ilikuwa nzito. Huko mkoani wakubwa walikuwa wamechoka na televisheni pana, maana siku hizi hata muuza vocha anayo. Wakaanza kuweka bahari. Sanduku la kioo, maji ya chumvi, taa ya buluu, samaki wawili watatu wa rangi, na chini yao matumbawe hai. Mgeni akifika anapewa soda, anaonyeshwa mwamba. Lakini matumbawe yalipangwa ovyo, aina hii ubavuni mwa aina ile, yakachomana, yakafa, yakaanza kunuka, na mkubwa mmoja akaaibika mbele ya wakwe zake. Mambo yakifika kwa wakwe, dola haiwezi kukaa kimya. Ikaundwa Kurugenzi ya Bahari za Sebuleni, Kurugenzi ikazaa Madawati, na Dawati la Olumbi akapewa Abibo Cassamo.

Abibo alikuwa mtu hasa wa kazi hiyo. Kabla ya hapo aliongoza Uwanja wa Michezo wa Olumbi, ambao haujajengwa, na katika miaka yote ya uongozi wake hapakutokea ghasia uwanjani hata mara moja. Bahari aliifahamu kwa kuiona. Kuiingia alikuwa hajaiingia tangu utotoni, kwa sababu ya viatu. Kurugenzi ilimpeleka Pemba, makao ya mkoa, kwa mafunzo, kwenye ukumbi wa hoteli, ambako bahari ilionekana vizuri kupitia dirisha lililofungwa ili baridi ya kiyoyozi isitoke.

Huko alifundishwa kwamba matumbawe magumu, yaani yale yanayojijengea jiwe, yana makundi mawili makubwa. Kuna Vinywa Vidogo. Haya yana matawi mithili ya pembe za paa, au yamejitandaza kama meza, na mwili mzima una vitundu vidogo vya ncha ya sindano. Yanataka taa kali na maji yaendayo mbio, yanawekwa juu, yanafanya kazi kutwa, na yakikosewa kidogo tu yanakufa. Halafu kuna Vinywa Vikubwa. Haya ni manene, nyama imevimba, mengine ni mviringo yenye mikunjo ya ubongo. Yanataka maji matulivu na mwanga wa kiasi, yanakaa chini yamestarehe, yanapenda kulishwa, na jirani akisogea karibu yanamnyoshea mikono mirefu usiku na kumchoma. Wenzake ukumbini waliandika mpaka vidole vikawauma. Abibo hakuandika neno. Alikuwa ameshafanya kazi serikalini zaidi ya miaka kumi, na somo lilimwingia papo hapo.

Sanduku la kioo lilipofika Olumbi, likaja suala la maji. Bahari ipo, ukishuka kwa njia ya minazi unaifikia sigara haijaisha mdomoni. Lakini taratibu za manunuzi zinataka bei za wauzaji watatu, na bahari ipo moja. Isitoshe, haina NUIT, ile namba ya mlipa kodi ambayo hata muuza mandazi anadaiwa. Benvinda, karani wa Dawati, binti aliyesomea Nampula na asiyependa kupoteza muda, akashauri wachote tu kwa ndoo.

"Tuchote bila fatura, bila risiti?" Abibo akauliza.

"Bahari haitoi fatura, chefe."

"Ndiyo maana ipo palepale tangu enzi za Mreno."

Yakanunuliwa maji ya chupa, katoni juu ya katoni, na chumvi ya jikoni. Maji yalimiminwa, chumvi ikakorogwa kwa mwiko, na Abibo akaonja mwenyewe ili kuthibitisha ubora. Kisha akaletewa matumbawe na Carimo, mvuvi wa Macaloe, aliyekuwa akipanda na samaki wake mpaka barabarani. Carimo aliyaleta kwenye ndoo, ya kahawia na ya kijani, yakiwa na afya zao. Hazikupita siku nyingi, yote yakawa meupe.

"Yamekufa, chefe," Carimo akasema.

"Yametakata."

"Mbona yananuka?"

"Harufu si kigezo. Kigezo ni vinywa. Vinywa unaviona?"

Carimo akainama, akatazama kwenye kioo kwa muda. "Naviona," akakubali. "Ila hata maiti anacho kinywa."

Abibo akamwambia maiti ni mambo ya msikitini, Dawati lina mipaka yake. Akaandika katika ripoti kwamba matumbawe ya Olumbi yanaongoza kwa usafi mkoa mzima.

Basi mambo yangekwenda hivyo miaka na miaka, kama yaendavyo kwingine, lakini Kurugenzi ikatoa waraka. Senhor Jerónimo, Mkurugenzi mwenyewe, angefika Alhamisi kukagua. Dawati lisilo na tumbawe hai lingefungwa, na mkuu wake angerudishwa alikotoka. Zaidi ya hapo, kila tumbawe la serikali lingepaswa kufanya prova de vida.

Mtumishi yeyote wa serikali anaijua prova de vida, na asiyeijua ameshaonja matokeo yake. Mara moja kwa mwaka, katika mwezi uliozaliwa, unakwenda mwenyewe kwa miguu yako, unasimama mbele ya ofisa, ofisa anakutazama, na sistema ya kompyuta inaandika kwamba u hai. Usipokwenda umekufa. Hata kama unapumua, hata kama umekutwa sokoni unabishania bei ya mhogo, umekufa, na mshahara wako unatangulia ahera kukusubiri. Kurugenzi haikuona kwa nini matumbawe yapendelewe.

"Chefe, kwa habari ya prova de vida," Benvinda akasema, "na ya kwako je? Si mwezi wako ndio umeisha juzi?"

"Dawati kwanza, Benvinda. Mimi nitafuata."

Tuseme ukweli, Abibo aliogopa. Chini ya kile kibao cha Dawati kulikuwa na jina lake, kwa herufi kubwa, na katika maisha yake jina lake halikuwa limewahi kuandikwa mahali pa kudumu isipokuwa kwenye daftari la deni la duka. Usiku alilala akiuona uwanja usio na kuta, yeye yupo katikati yake, hana hata mlango wa kubandika jina. Aliwaza juu ya Carimo, lakini Macaloe ni mbali, na tumbawe lolote likiletwa lingetakata kabla ya Alhamisi.

Jumanne alikuwa anapita nyuma ya soko akikata njia ya mkato, akafika uani kwa Bi Ancha, na hapo ndipo alipoliona.

Bi Ancha ni mjane muuza msiro. Asiyetoka huku aelezwe: msiro ni mti, kijiti chake husuguliwa juu ya jiwe lenye maji kidogo mpaka kinatoa uji mweupe, na uji huo wanawake hujipaka usoni ngozi iwe laini. Bibi harusi ndiye hupakwa kuliko wote. Hufungiwa ndani siku kadhaa, akapakwa mwili mzima, na akitoka hata aliyemzaa humtazama mara mbili. Jiwe la kusagia huwa ni tumbawe, na la Bi Ancha lilikuwa la bibi yake: mviringo, lina mikunjo ya ubongo ubavuni, juu limelainika kwa vizazi vya mikono, na utomvu wa miti umelipa rangi ya asali.

Abibo akasimama. Akatumia mafunzo. Gumu? Gumu. Mikunjo? Ipo. Vinywa? Vikubwa. Rangi ya afya? Katika sanduku lake hakuwa nayo hata moja. Tena jiwe hili lilikuwa na sifa ambayo matumbawe ya Carimo hayakuwa nayo, yaani lisingeweza kufa likiwekwa ofisini.

"Bi Ancha, shikamoo. Hili tumbawe lina kibali?"

"Marahaba mwanangu. Hili ni jiwe."

"Ndivyo linavyotaka tuamini. Hili ni Kinywa Kikubwa, jamii ya ubongo. Kuanzia sasa lipo chini ya Dawati."

Bi Ancha aliacha kusugua. "Ntoto wangu Zuleica anaolewa Ijumaa, Abibo. Yumo ndani humo, nampaka kila asubuhi."

"Kuna mawe mengine."

"Mengine yapo. Hili ni la bibi yangu. Mwaka ule wa kukimbia, nilimshika Zuleica mkono, hili nikaliweka kichwani. Godoro niliacha. Redio niliacha. Tukaenda nalo mpaka Quionga, na kutoka Quionga nikalivusha Ruvuma, na tuliporudi nikarudi nalo."

"Lilivuka mpaka bila guia, bila karatasi ya njia?"

"Hata sisi tulivuka bila guia, mwanangu. Waliokuwa wakitufukuza hawakutupa nafasi ya kuandika." Akaweka kiganja juu ya jiwe. "Mama yako, Mungu amrehemu, alipakwa kwa hili hili siku alipoolewa na Cassamo."

Abibo aliona haya, haya kweli, na akatazama pembeni mpaka ikapungua. Kisha akakumbuka kwamba haya haina kifungu katika kanuni za Dawati. Akalichukua jiwe, likamlemea, akalikumbatia kama anayebeba mtoto aliyelala, na kwenda nalo.

Jumatano Bi Ancha alifika ofisini. Alivaa kapulana yake ya kutokea, akasema anataka kuonana na mkuu. Mkuu alikuwamo ndani na sahani ya wali wa nazi na pweza, na mlango ulikuwa umerudishwa.

"Keti, mama," Benvinda akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyependa anachokisema. "Chefe anakula."

Bi Ancha akaketi kwenye ngazi. Aliketi mpaka jua likageuka, mpaka wauza samaki wakafunga, mpaka Abibo akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakugomba. Alijipangusa vumbi, akaenda nyumbani kumpaka Zuleica unga wa mchele.

Alhamisi Senhor Jerónimo akaingia na gari, na nyuma ya gari gari. Alikuwa mtu mnene, mtulivu, asiyependa mwanga mkali, na alipolisogelea sanduku la kioo waliokuwa jirani naye walirudi nyuma wenyewe. Alipita matumbawe meupe bila neno. Mbele ya jiwe la Bi Ancha akasimama.

"Kinywa Kikubwa," akasema kwa mapenzi.

"Jamii ya ubongo, Senhor Director," Abibo akaunga mkono. "Lilijitokeza lenyewe kwa prova de vida. Nimelitazama, nalo halikukanusha."

"Rangi nzuri. Linakula?"

"Linakula sana."

"Basi nilione. Siku hizi watu wanaghushi. Asiyekula si mzima."

Kikaletwa kiti. Akaletwa dagaa, akadondoshwa majini, akazama pembeni mwa jiwe na kutulia. Akaletwa kamba. Ukaletwa mkate. Ikaletwa chamussa, yaani sambusa, kutoka kwenye sinia ya wageni, kwa hoja ya Abibo kwamba huenda limezoea vya ofisini. Jiwe halikugusa. Mkurugenzi akatazama saa, akamtazama Abibo. Abibo aliuona uwanja. Safari hii ulikuwa umeota nyasi.

"Haliwezi kula hivyo, wakubwa zangu."

Alikuwa Bi Ancha, mlangoni, na nyuma yake majirani wa harusi, nyuso zao zote nyeupe kwa msiro. Walikuwa wamekuja kuomba jiwe kwa mara nyingine, wakakuta serikali nzima imeinamia kioo ikilisihi jiwe lionje chamussa.

"Wewe nani?" Mkurugenzi akauliza.

"Mimi ndiye ninayelilisha, mkubwa. Na mama alililisha, na bibi. Halijapata kula vya watu. Linakula mti."

Mkurugenzi akamgeukia Abibo. Abibo angeweza kusema kweli wakati ule, na maisha yake yangekuwa mengine. "Ni kweli, Senhor Director," akasema. "Lipo kwenye mwongozo."

Likatolewa majini, likawekwa juu ya mkeka. Bi Ancha akaketi, akanyunyiza maji, akatoa kijiti cha msiro kwenye pindo la kapulana, akaanza kusugua. Hapakuwa na haraka. Mkono ulikwenda na kurudi, wanawake wakaanza kuguna wimbo wa chini, na kijiti kikapungua. Mkurugenzi akavaa miwani.

"Mti unaisha."

"Unaisha, Senhor Director," Benvinda akathibitisha, akiwa ameuma mdomo.

"Maajabu. Na huu uji mweupe?"

"Likila linatoa huo, mkubwa," Bi Ancha akasema. "Nasi hujipaka. Nkubwa wa shughuli ndiye hupakwa kwanza."

Senhor Jerónimo hakuwa mtu wa kukosa cha kwanza popote. Akatoa uso, akapakwa paji, mashavu, na kidevu, barabara kama apakwavyo bibi harusi siku ya kutolewa. Kisha akatangaza kwamba Olumbi imegundua aina mpya ya tumbawe gumu lenye kinywa kikubwa, lilalo mti, na kwa unyenyekevu akaliita Tumbawe Jerónimo. Makofi yakapigwa. Abibo ndiye aliyepiga kwa muda mrefu kuliko wote, machozi yakimlengalenga, maana Dawati lilikuwa limepona.

"Tuliingize kwenye sistema," Mkurugenzi akasema, akafungua kompyuta yake. "Kituo cha kazi, Olumbi. Prova de vida, ndiyo, mbele yangu. Athibitishwe na mkuu wa Dawati." Akabonyeza. Akangoja. Akasogeza uso mweupe karibu na kioo, akasoma tena. "Abibo Cassamo?"

"Nipo, Senhor Director."

"Hapana. Umefariki."

Akamgeuzia Abibo kompyuta ajisomee.

"Mwezi wako umepita hujafanya prova de vida. Sistema imeandika falecido. Pole sana."

"Lakini nipo mbele yako."

"Nakuona," Mkurugenzi akasema, na alisema kwa huruma ya kweli, "ila wewe ni mtu wa utaratibu, Abibo. Ningekuwa mimi niliyekufa, ungesemaje?"

Abibo akatafuta jibu. Lililomjia ni lile lile ambalo angempa mtu mwingine.

Sistema haikubali Dawati lenye marehemu kileleni. Ilitaka jina la kukaimu, mtumishi wa Dawati hilo hilo, aliyesajiliwa, mwenye prova de vida ya mwaka huu. Benvinda ni wa mkataba, hayumo. Carimo hata kwenye hesabu ya watu hayumo. Mkurugenzi akapitisha kidole, akapitisha tena, na kila alipopitisha lilitokea jina moja tu, lililosajiliwa dakika ile ile, nyaraka zake zote zimetimia. Akatazama magari yake, akatazama saa, akabonyeza.

"Tumbawe Jerónimo atakaimu ukuu wa Dawati," akasema. "Kwa kuwa halishwi isipokuwa na mama huyu, akae kwa mama huyu mpaka ofisi ipate mti. Apelekwe kwa heshima zake. Na marehemu ajitahidi kufufuka. Prova de vida yake itaidhinishwa na mkuu wake wa kazi, kama kawaida."

Ndivyo jiwe lilivyofungwa kwenye kapulana, likapandishwa gari la serikali, kiti cha mbele, mkanda ukafungwa. Bi Ancha akaketi nyuma. Abibo, kwa kuwa marehemu hawana haki ya usafiri, alitembea. Mkurugenzi akatoka kwa miguu kuwapungia wananchi barabarani, uso mweupe pe wa mwari, na soko zima lilipomwona lilipiga vigelegele na kumwombea mume mwema. Akainamisha kichwa kushukuru. Anayasimulia mapokezi hayo mpaka leo kila aendako.

Ijumaa asubuhi Abibo alifika uani kwa Bi Ancha. Alivaa suti, mkononi ana bilhete yake ya utambulisho. Wanawake walikuwa wengi, ngoma imeshapashwa moto, na mlangoni Zuleica alionekana ameketi juu ya mkeka ananyosha mikono apakwe, anacheka. Bi Ancha alikuwa katikati ya uwanja, jiwe mbele yake, kijiti mkononi.

Abibo akasimama mbele yao muda mrefu. Hakuna aliyemtazama. Alijua sasa jinsi inavyokuwa, na ilimuuma.

"Bi Ancha," akasema mwisho. "Nimekuja kwa prova de vida."

Bi Ancha akainua macho, akamwangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, kama ofisa amwangaliavyo mtu kujua kama yu hai. Mkono wake haukuacha kusugua. Kwa kidevu akamwonyesha ngazi ya mlango, mahali penye jua.

"Keti, mwanangu," akamwambia. "Chefe anakula."